Pedali Imezama, na Mama Mkwe Yumo

Katika gazeti hili hakuna anayejua kukata hadithi mahali patamu kama mimi. Wiki iliyopita nilikata patamu mno, hata mwenyewe nikasahau nilikuwa nawapeleka wapi, ikabidi niazime gazeti kwa jirani nijisome.

Basi tulikuwa hapa. Saa nne asubuhi, gereji ya Bi Spana. Simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono miwili imejaa grisi. Na ndani ya simu ni sauti ya Chiriku, binti wa kaka yake, aliyemlea tangu ana mapengo ya utotoni.

"Shangazi, pedali ya breki imezama. Nimekanyaga mpaka chini na gari halisimami."

Chiriku alikuwa anateremka mlima. Gari lenyewe ni Nyigu, lile la Kijapani la njano lenye turbo, linalokoroma hata likiwa limesimama. Kiti cha pembeni amekaa mama mkwe wake, anarudishwa kwake. Tangu waondoke mama huyo alikuwa amesema neno moja tu, "polepole", ila alikuwa amelisema mara arobaini.

"Uko gia ya ngapi?" Bi Spana akauliza.

"Ya nne. Ngoja nizime gari."

"Usizime. Ukizima, usukani unakuwa jiwe. Weka ya tatu, achia klachi taratibu. Acha injini ikushikie gari."

Nyigu akanguruma ndani ya simu.

Pale gereji, juu ya tairi kuukuu, alikuwa amekaa mume wa Chiriku. Huyu tunamwita Bwana Bawa, kwa sababu alilifungia gari bawa la nyuma kabla yeye hajafunga ndoa. Alikuwa amebaki kumbembeleza Bi Spana amwongezee Nyigu upepo wa turbo. Sasa akasimama.

"Kuna nini? Ni mke wangu huyo?"

"Ni mke wako, na ni mama yako. Nyamaza."

"Shangazi, bado linakwenda," Chiriku akasema.

"Weka ya pili."

"Nitavunja gia."

"Zivunjike. Gia najua kuzitengeneza."

Kikasikika kilio cha chuma ambacho fundi yeyote akikisikia humkumbuka Mungu. Juu ya kilio hicho ikapanda sauti ya mama mkwe, imetulia kabisa: "Mwambie shangazi yako mimi nilisema polepole."

"Chiriku, shika handbreki. Bonyeza kile kitufe, usikiachie. Vuta kidogo, legeza. Vuta, legeza. Ile inavutwa na waya, haina habari na mafuta. Lakini usivute yote kwa mkupuo, nyuma itakuja mbele."

"Kuna kona. Kuna lori limejaa njia."

"Kushoto kuna nini?"

"Kokoto. Rundo la watengeneza barabara."

"Ingia humo."

"Shangazi, bampa jipya hili, atanichinja..."

"Ingia."

Kikafuata kishindo, kisha mvua ya mawe juu ya bati, kisha kimya. Bwana Bawa alitaka kukaa kwenye tairi lake, akalikosa, akakaa chini.

"Tumesimama," Chiriku akasema. Alikuwa anahema kama aliyekimbizwa.

"Mzima?"

"Mzima."

"Na mama?"

Mama mkwe akajijibia mwenyewe. "Kiatu changu kimoja sikioni."

Wasomaji mnaopenda kupumua, pumueni hapa. Huko mbele sina nafasi hiyo.

Bi Spana aliiweka simu juu ya meza ya kazi, akaifungua spika ili wote wasikie. Akamwambia Chiriku atoke na mama, waweke mawe mbele ya magurudumu. Kisha akamgeukia Bwana Bawa, na mkono wake ulikuwa na spana namba kumi na tisa.

"Gari hili lilitoka mikononi mwangu Alhamisi. Umelifanya nini tangu siku hiyo?"

"Sijafanya kitu."

"Bawa."

"Nimesafisha kichujio cha hewa tu."

"Kwa nini?"

"Kwa maji."

"Endelea."

"Halafu, nikifika nyumbani, huwa nazima papo hapo. Ile dakika moja uliyoniambia nisubiri, huwa sisubiri."

"Turbo imeiva kama kaa la moto, unaikatia mafuta ghafla, yanaungulia humo ndani. Halafu unakuja hapa kuniomba nikuongezee upepo. Upepo ukizidi na petroli isizidi, pistoni zinatoboka. Nimekwambia mara ngapi? Endelea."

Bwana Bawa akatazama viatu vyake. "Nimekata springi."

"Umekata."

"Gari likae chini kidogo. Lipendeze."

"Umekata kwa nini?"

"Kwa grinda."

Simu ikasema juu ya meza: "Grinda ipi? Ile uliyoniambia umeazima kutengenezea meza ya jikoni?"

Mwanamume akafunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kumcheza. "Nimewaua," akasema. "Mke wangu na mama yangu, kwa siku moja. Nimewaua kwa mkono wangu."

"Hatujafa," simu ikasema, kwa sauti ya mama mkwe. "Tunatafuta kiatu."

Bi Spana hakucheka. Alikuwa anawaza. Springi iliyokatwa kwa grinda ni ujinga, moto ule huua chuma, na gari huruka kama mbuzi penye mashimo. Lakini springi haizamishi pedali. Pedali ikizama, jibu limo kwenye mafuta ya breki. Na mafuta ya breki aliyatia nani?

Aliyatia yeye.

Wateja wa gereji ile wanaijua sheria yake. Ukienda kwake kutaka mbio, anakupa breki kwanza. Ukirudi, anakupa tairi. Ukirudi tena, anamwaga mafuta yote machafu ya injini na kukuwekea mapya. Halafu ndipo anakuuliza kama mbio bado unazitaka. Wengi huwa wameshachoka. Bwana Bawa hakuchoka, na Alhamisi ile alikuwa kwenye hatua ya breki. Bi Spana alimfungia Nyigu breki kubwa za pistoni nne, akatoa mafuta ya zamani, akatia mapya, akatoa hewa gurudumu baada ya gurudumu, kuanzia lile la mbali na pedali. Kazi safi.

Sasa niwaambie siri, na tafadhali isitoke hapa, maana gazeti hili linauzwa nchi nzima.

Bi Spana haoni.

Haoni vizuri, niseme hivyo. Mwaka mzima sasa. Ukungu uliingia jicho la kulia, na wa kushoto ukaja kumtembelea mwenzake. Nati anazijua kwa vidole. Injini anazijua kwa sikio, plagi moja ikikosa kuwaka anakuonyesha ni ya ngapi. Lakini maandishi ya kwenye chupa, kwake ni sisimizi waliokufa.

Kwa hiyo alikuwa na njia yake. Humimina tone moja la mafuta kwenye kiganja, juu yake hudondosha tone la maji, hukoroga kwa kidole. Mafuta ya breki hukubali maji, vinachanganyika vinakuwa kitu kimoja. Mafuta ya usukani hukataa, maji hubaki peke yake. Wateja walimwona akifanya hivyo wakasema huu ndio ufundi wenyewe. Hakuna aliyejua kwamba anasoma.

Alhamisi zilikuwapo chupa mbili, moja ya breki na moja ya usukani, zimefanana bega na kifuniko. Aliijaribu ya kwanza, ikakubali maji. Akaiweka chini. Simu ikalia, Bwana Bawa anauliza kama bawa linaweza kupakwa rangi nyeusi. Bi Spana akajibu alivyojibu, mambo mengine hayaandikiki gazetini. Akarudi kwenye gari, akanyoosha mkono, akachukua chupa.

Ipi?

Ndiyo maana sasa alikuwa ameinama kwenye pipa la taka, Bwana Bawa akilia nyuma yake. Aliipata chupa chini ya matambaa. Akaitikisa, akapata tone la mwisho, akalikinga kiganjani. Akafungua bomba kidogo. Tone la maji. Akakoroga.

Maji yakakataa.

Akakoroga tena, kwa nguvu, kama anayemlazimisha mtoto kula. Tone la maji likajikunja, likakaa katikati ya kiganja, duara, peke yake. Hata kwa macho yale aliliona linavyong'aa.

Mafuta ya usukani. Ndani ya breki.

Alijua kila kitu kinachotokea humo ndani kana kwamba ameingia mwenyewe. Mipira ya breki inayanywa yale mafuta, inavimba. Ikivimba, breki zinashika zenyewe hata bila kukanyagwa. Zinachemka. Pedali inazama. Zikipoa, pedali inarudi juu, ngumu, inajifanya nzima. Ukiiamini ukaondoka, inazama mara ya pili, na mara ya pili handbreki nayo inakuwa imeshaungua.

Akafumbua mdomo aseme.

Akamwona Bwana Bawa pale chini, anajifuta makamasi kwa tambara la grisi. Mwezi uliopita huyu huyu alimwambia, kwa heshima zote, "Shangazi, umri nao umekwenda, ungepumzika tu nyumbani." Na Chiriku alikaa kimya, hakumtetea. Miaka thelathini katika gereji hii. Akisema neno moja tu, kesho hakuna atakayemletea hata toroli lenye pancha. Angekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, anaulizwa kama ameshakunywa uji.

Akaizamisha chupa ndani ya pipa, akaifukia kwa matambaa.

"Ni springi," akasema.

Bwana Bawa akalia upya.

Nyinyi mnaomlaani, subirini. Yeye alijiambia hivi: gari limesimama, mawe yako mbele ya magurudumu, watu wazima. Atakwenda mwenyewe na gari la kuvuta, atalileta, atamwaga mafuta yote, atabadilisha kila mpira, na siri itabaki kati yake na pipa. Kosa litamwangukia Bawa, na Bawa amezoea kuangukiwa na makosa.

Ndipo simu ikasema, "Shangazi, pedali imerudi."

Bi Spana akashika ukingo wa meza.

"Iko juu, ngumu kabisa. Nadhani imepona. Niteremke nayo polepole?"

"Usiguse gari. Nakuja na gari la kuvuta."

"Litafika saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane? Shangazi, tuko kwenye kona. Malori yanateremka hapa yamebeba saruji, hayatuoni mpaka yamefika. Moja limepita sasa hivi limeondoka na kioo cha pembeni. Mama amejibana kwenye ukuta wa mlima."

"Na nimebanwa na mengine pia," mama mkwe akaongeza. "Hapa hata kichaka hakuna."

"Basi ondokeni kwenye gari, pandeni juu mkasubiri."

"Kupanda wapi? Huku ukuta, kule shimo. Tukitembea ni barabarani, pamoja na hayo malori, naye kiatu kimoja. Ndani ya gari ndiyo afadhali, kama breki zipo. Shangazi, breki zipo au hazipo?"

Bwana Bawa alikuwa ameshafuta machozi, anaandika haraka kwenye simu yake. Alikuwa na kundi lake humo, wapenzi wa magari ya Kijapani mia mbili na zaidi, wanaoshauriana usiku na mchana kuhusu turbo, bomba na rimu, na nusu yao hata magari hawana.

"Wanasema springi haiwezi kuzamisha pedali," akasema, na kwa mara ya kwanza akainua kichwa.

"Wao wanajua nini?"

"Kuna mmoja humo ni fundi wa magari ya mashindano. Anasema mafuta ya breki yamechemka tu, ni mteremko. Kama yalikuwa ya daraja la nne, na chupa ilikuwa mpya haijakaa wazi ikanywa unyevu, basi yakishapoa yanarudi kawaida. Ateremke na gia ya pili, breki aguse kidogo kidogo." Akamtazama Bi Spana. "Anauliza ulitia yapi."

Hapo, wapenzi wangu, mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi kabisa, na nje kulikuwa na jua. Angetoka tu.

"Mapya," Bi Spana akasema. "Daraja la nne. Nilisoma mwenyewe kabla sijafungua."

"Basi naondoka," simu ikasema.

Yalikuwa maneno mawili, na yalimwingia kama maji ya barafu. Uongo alioutuma kwenda kumfunga mdomo Bawa ulikuwa umepitiliza mpaka mlimani na kumfungulia Chiriku njia.

"Ngoja," akasema.

"Kwa nini, kama mafuta ni mazuri?"

"Ngoja tu, mwanangu."

"Shangazi, nasikia lori jingine huko juu. Nipe sababu moja."

Sababu alikuwa nayo. Ilikuwa imekaa kiganjani mwake, bado haijakauka.

"Tairi," akasema. "Nina wasiwasi na tairi."

"Tairi ulizikagua wewe Alhamisi, ukasema hata mtoto mchanga angelala juu yake. Mama, toa hilo jiwe. La pili pia. Ingia."

Mlango ukafungwa. Nyigu akakohoa, akawaka, akaanza kukoroma.

"Subiri kwanza, mke wangu," Bwana Bawa akaiinamia simu iliyokuwa mezani. "Fundi wa kundini anataka picha ya chupa, ahakikishe hilo daraja. Dakika moja. Shangazi, chupa iko wapi?"

"Niliitupa."

Bawa akageuka kutazama pipa.

"Lakini pacha wake ninaye," Bi Spana akasema upesi, akasimama kati yake na pipa. "Nilinunua mbili siku moja, duka moja. Utapiga picha hiyo, ni ile ile."

Akaenda kwenye rafu. Alitembeza vidole: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ndiyo mahali anapoweka mapya, alizipanga kwa mkono wake. Bega lile lile, kifuniko kile kile, na lakiri bado haijakatwa. Kwa kuwa haijafunguliwa, hakuweza kumimina tone. Na Bawa alikuwa amesimama nyuma yake, anapumua.

Akampa.

Bwana Bawa akainua simu yake apige picha. Akaishusha. Akaigeuza chupa, akaitazama nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Shangazi. Ile uliyotia ilikuwa sawasawa na hii?"

"Sawasawa."

"Na uliisoma."

"Nimekwambia niliisoma. Unaniuliza kama polisi."

Bwana Bawa akamrudishia chupa, taratibu, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu mzima kitu.

"Nisomee nami."

Kutoka mezani Chiriku alikuwa anaita. "Mume wangu, lori hilo limefika, siwezi kukaa hapa. Nimerudi nyuma nikatoka kwenye kokoto, nimetia gia ya pili. Tunatembea."

Bi Spana akaiinua chupa kwenye mwanga wa mlango. Akaweka kidole juu ya karatasi yake, akakitembeza kutoka kushoto kwenda kulia, kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. "Mafuta ya breki," akasoma. Sauti yake ilikuwa imara, hata mimi ningemwamini. "Daraja la nne. Yasiachwe wazi. Yasimwagike kwenye rangi ya gari."

Bwana Bawa alisubiri mpaka kidole kikafika mwisho wa mstari.

"Kidole chako kiko kwenye picha ya sifongo," akasema. "Hii ni shampuu ya kuoshea gari."

Bi Spana hakukiondoa kidole. Hakuna kitu kingine alichokuwa amekishika.

"Shangazi," simu ikasema, na nyuma ya sauti hiyo injini ilikuwa inapanda, "nimesikia shampuu. Pedali imeanza kulainika tena. Niambie, kabla sijafika kwenye kona inayofuata. Umenitilia nini kwenye breki?"